Anguko la Maudie Harkness

Asubuhi ya Ijumaa moja, Februari 1979, Delmar Oakes, mwendesha mashine za kuonyeshea filamu, alifungua mlango wa ghala la filamu kule Hollywood akamkuta mhariri mkongwe Edith Lindqvist amelala chini ya ngazi ya chuma, amekufa. Hakupiga kelele. Alisimama akamtazama, kwa sababu alikuwa ameshamwona mtu amelala vile vile maisha yake yote.

"Ni kama kwenye filamu, afande," alimwambia Inspekta Ramona Quezada alipofika. "Samahani, lakini ndivyo ilivyo."

Quezada alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, na maiti alikuwa amewaona wa kutosha. Hata hivyo, alipoinama chini ya utepe wa polisi moyo ulimpiga paa. Bibi kizee alilala chali, kichwa chini, mkono wa kushoto umenyooshwa, kiganja wazi. Hivyo ndivyo alivyolala Maudie Harkness mwishoni mwa filamu ya *Mjane wa Mtaa wa Calloway*, ile ya mwaka 1938 iliyozoa tuzo zote, ambayo kila mjuzi wa filamu atakuambia usife hujaitazama. Quezada aliitazama na mama yake akiwa binti mdogo, na kwa siku nyingi baada ya hapo alilala taa ikiwaka.

"Mtu akianguka ngazi lazima alale namna fulani," alisema, akijaribu kujishawishi mwenyewe kwanza.

Daktari wa polisi alisema bibi alikufa jana yake alasiri. Katikati ya kifua kulikuwa na alama ya kusukumwa. Quezada aliinua macho kuitazama ngazi, jua likamchoma kutoka dirisha la paa. Chini ya dirisha hilo kulikuwa na rundo la mbao kuukuu zenye misumari iliyopinda.

"Lilizibwa tangu wakati wa vita," Delmar alieleza. "Mafundi wamelizibua jana, baada ya chakula cha mchana. Bi Edith aliwagombeza kweli kweli. Alisema jua na filamu ni paka na panya."

"Baada ya mafundi kuondoka, nani alikuja?"

"Sijui. Mimi nilikwenda ukumbini kutayarisha mashine za leo. Si unajua leo jioni kuna sherehe? Mzee Threlkeld anatunukiwa heshima, na hiyo hiyo *Mjane* inaonyeshwa, nakala mpya kabisa. Bi Edith ndiye aliyeitengeneza."

Chumba cha Edith kilikuwa ghorofani, kimejaa makopo ya filamu na harufu ya siki, maana filamu ikianza kufa hunuka siki. Pale alikuwepo mkuu wa ghala, Ione Harkness, mwanamke mrefu aliyeshika glavu nyeupe za marehemu kana kwamba ameombwa azitunze. Quezada hakuhitaji kuuliza ni binti wa nani. Sura ilikuwa ile ile.

"Mama yangu alikufa siku ile ile waliyopiga shoti ya mwisho ya filamu," Ione alisema. "Alianguka, akanyanyuka, akacheka, akaenda nyumbani akalewa, akaanguka tena kwenye ngazi za kwake. Ndivyo studio ilivyotangaza. Nilikuwa na miaka minne. Shuleni waliniita mtoto wa chupa."

"Nani alikulea?"

"Anko Wendell. Wendell Pruitt, mpiga picha wa filamu hiyo hiyo. Hatuna udugu, lakini ndugu zangu wa damu walikuwa wamejificha wote. Yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu." Alizikunja zile glavu. "Juzi Edith alinipigia simu. Akasema, 'Ione, mwanangu, nimempata mama yako. Ijumaa nitakurudishia.' Afande, maisha yangu yote nimesubiri mtu aniambie mama hakuwa mlevi. Sasa aliyetaka kuniambia ndiye huyo, kafunikwa shuka."

Kwenye rafu palikuwa na pengo la kopo moja, duara safi katikati ya vumbi. Ukutani juu ya meza kilitundikwa kile kibao cha kugongwa mbele ya kamera, kimeandikwa jina la filamu na la mpiga picha. Kilikuwa kichwa chini miguu juu.

"Kimeanguka?" Quezada aliuliza.

"Utani wa wahariri. Kwa kawaida kibao hugongwa shoti inapoanza. Kikigongwa mwisho, lazima kipinduliwe, ili mhariri ajue mwanzo haukuwa na kibao. Edith alisema amekipindua kwa sababu na yeye yuko mwishoni mwa shoti."

"Kwa nini wasigonge mwanzo?"

"Zipo nyakati hutaki anayepigwa picha ajue kamera inazunguka. Mtoto mchanga, kwa mfano. Au paka."

Quezada aliandika akilini, akaendelea.

Lucian Threlkeld, mwongozaji wa *Mjane*, aliwapokea polisi kwenye hoteli yake akiwa amevaa koti la hariri na uso wa mtu anayecheleweshwa. Miaka sabini na ushei, fimbo ya fedha, ulimi wa pilipili. Mlinzi wa maegesho alikuwa amemwona ghalani siku ya mauaji.

"Nilikwenda, ndiyo. Kabla ya saa sita," alisema. "Yule mama alinipigia simu akaniuliza nilikuwa nimesimama wapi Maudie alipoanguka. Baada ya miaka arobaini! Nikaenda kumwambia ana kwa ana aache kuchokonoa. Hakunifungulia mlango."

"Aache kuchokonoa nini, mzee?"

"Wewe binti, mimi nina hotuba ya kuandika."

"Na mimi nina maiti. Kuchokonoa nini?"

Mzee aliigeuza fimbo yake mara kadhaa. "Niulize kesho," Threlkeld alisema. "Leo niache niwe mtu mkubwa kwa mara ya mwisho."

Askari wote walitaka akamatwe pale pale. Ana kiburi, ana siri, alikuwa eneo la tukio. Wangetaka nini zaidi? Quezada mwenyewe alishawishika. Lakini kabla ya hapo alipitia nyumbani kwa Ione, ambako Wendell Pruitt alikuwa jikoni akipika supu ya kuku, ili mwanawe wa kulea akirudi akute chochote cha kutia tumboni.

Alikuwa mzee mpole, mwenye macho ya maji na mikono mikubwa iliyotulia. Alimvutia Quezada kiti, akamchotea supu bila kuuliza.

"Edith maskini," alisema. "Tumefanya kazi pamoja enzi hizo. Sijamwona tangu Krismasi, na ghalani sijakanyaga tangu hapo. Najilaumu. Ngazi ile ni ya hatari, na lile jua la alasiri linalomwagika kutoka juu, linakupiga machoni hasa unapoanza kushuka. Hata kijana angekosa kidato."

"Unampenda sana Bi Ione."

"Sina kingine, afande. Ukimchukua Ione, mimi ni kamera bila filamu."

Quezada alimaliza supu. Ilikuwa tamu, na alimpenda yule mzee. Alikuwa ameshafika kwenye gari aliposimama ghafla na funguo mkononi. Jua la alasiri, kutoka juu. Dirisha lililozibwa tangu vita, likafunguliwa jana mchana.

Alikwenda mbio kwenye ukumbi wa sherehe. Delmar alikuwa kwenye chumba cha mashine, anakuna kichwa mbele ya gurudumu la filamu.

"Kuna kitu sikielewi," alisema. "Nimeonyesha *Mjane* mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani. Gurudumu hili la mwisho limenenepa. Bi Edith ameongeza kitu mwishoni."

"Umekitazama?"

"Bado. Tulikuwa tuijaribu saa kumi, wageni wakubwa wakiwepo. Mzee Threlkeld, Bwana Pruitt, Bi Ione."

"Basi ijaribuni," Quezada alisema. "Anza na hilo gurudumu la mwisho."

Saa kumi walikaa watu wachache katika ukumbi wa viti mia tisa. Quezada alimvuta Ione pembeni akamwambia huenda asipende atakachokiona.

"Nimeshamwona mama akianguka mara mia," Ione alijibu. "Nimemzoea."

Taa zikazimwa. Pale juu Maudie Harkness alitoka chumbani akiwa na gauni jeupe, akaja kwenye ngazi, akasita kidogo, akashuka. Kisha lile anguko. Hata Quezada, aliyekuja kwa kazi, alishika mkono wa kiti. Hakuna mwigizaji aliyewahi kuanguka vile. Ndiyo maana dunia nzima iliendelea kuitazama. Mwili ukatulia. Kiganja kikafunguka. Hapo ndipo filamu huisha, giza linaingia, watu wanafuta machozi.

Safari hii giza halikuingia.

Maudie aliendelea kulala pale. Midomo yake ilikuwa inacheza. Threlkeld, kijana, mwembamba, aliingia mbio ndani ya picha akapiga magoti kando yake, akageuka akawapungia mkono watu wasioonekana, kinywa wazi kwa ukelele usio na sauti. Kamera haikutikisika. Ilimsogelea yule mwanamke taratibu, uso wake ukazidi kuwa wazi, hadi kope zikaonekana moja moja. Kisha kutoka nyuma ya kamera ukaja mkono mkubwa, mkono wa shati umekunjwa, umeshika kibao. Kilikuwa kimepinduliwa. Ulikigonga mara moja, bila haraka, na pale pakasomeka kichwa chini: *Mpiga picha, W. Pruitt*. Ndipo mwanga mweupe ukaijaza skrini.

"Washa taa, Delmar," Quezada alisema. "Bi Ione, kibao kikipinduliwa maana yake nini?"

Ione hakugeuka. "Mama hakujua kamera inazunguka."

"Yalikuwa mazoezi," Threlkeld alisema, na sauti ya kiburi ilikuwa imekwisha. "Niliwaambia wote ni mazoezi. Wendell, uliniambia ulikuwa unaijaribu tu ile mashine, ikatokea bahati. Miaka yote hii umeniambia bahati."

Wendell alikuwa ameweka mikono yake mapajani, imetulia kama jikoni.

"Bwana Pruitt," Quezada alisema, "uliniambia hujakanyaga ghalani tangu Krismasi. Lakini unajua jua la alasiri linavyoingia kwenye ile ngazi. Limeanza kuingia jana mchana. Wewe huwezi kupita mahali usione mwanga unatoka wapi, sivyo?"

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshindwa bao na mchezaji mzuri. Alimtazama Ione, si Inspekta.

"Alikuwa ameshaanguka mara nyingi siku ile," alisema. "Kila mara alianguka kama mtu anayejua chini kuna godoro. Lucian akalalama kwamba angetoa roho yake apate anguko la kweli. Nikangoja watu waende kunywa kahawa, nikachomoa ufito mmoja wa shaba, ule unaoshika zulia la ngazi. Mmoja tu. Nilidhani atateleza vidato viwili, ashike ukuta, anitukane, tucheke."

"Na kibao?" Quezada aliuliza. "Mtu anakufa mbele yako, unagonga kibao?"

"Mkono ulikwenda wenyewe," Wendell alisema. "Shoti haikuwa na mwanzo. Mhariri angepata shida."

Threlkeld alikuwa amefunika uso.

"Edith alikipata kipande hicho kwenye mabaki," Wendell aliendelea. "Alinipigia mimi kwanza. Alidhani Lucian ndiye aliyeniamuru, akataka niwe shahidi. Jana nilimfuata ghalani nikamsihi akichome. Nilimwambia Ione ana amani, mwache. Akasema Ione hana amani, ana aibu ya watu wengine. Akaanza kushuka ngazi. Nikamwita, akanigeukia, akasema nimwache, nikamsukuma kifuani, kisha nikarudi chumbani kwake nikalichukua kopo. Sikujua ameshakichapisha kwenye nakala mpya."

"Na mkono wake? Mbona ulinyooshwa vile?"

"Ulikuwa umekunjika vibaya," alisema kwa upole. "Nikaunyoosha."

Ione aliinuka, akaja akasimama mbele yake. Kwa muda Quezada alidhani atampiga, na hakuwa na nia ya kumzuia.

"Ulinifunga kamba za viatu," Ione alisema.

"Ningefanya nini kingine, mwanangu?"

"Ungesema. Nikiwa na miaka saba, wakiniita mtoto wa chupa, nikaja kukulilia. Ungesema hapo."

Askari wawili walimwinua Wendell, naye akaenda nao bila ubishi. Mlangoni alitaka kugeuka. Quezada alimshika bega akamgeuzia mbele.

Ione alikwenda kukaa karibu na Threlkeld. "Mliijua ile ya ulevi kuwa ni uongo."

"Studio iliitunga. Mimi nilikubali. Filamu ingefungiwa."

"Midomo ya mama ilikuwa inacheza. Wewe ulikuwa pale. Alisema nini?"

Mzee alitazama mbele, kwenye skrini tupu. Machozi yalikuwa yanamteremka wala hakuyafuta.

"Alikuwa ameshachanganyikiwa, alidhani yale si mazoezi tena, tunapiga filamu," alisema. "Aliniuliza, 'Imetoka vizuri, Lucian?' Nikamwambia imetoka. Akafurahi. Nakuapia, alifurahi."

Ione alilia hapo, kwa sauti, kama anavyolia mtu aliyefiwa leo. Quezada alikaa kiti cha nyuma yake akamwacha alie, kwa kuwa msiba ule ulikuwa umechelewa miaka arobaini na mmoja.

Jioni ilipofika ukumbi ulijaa, suti nyeusi na magauni marefu. Gurudumu la filamu lilikuwa limeshachukuliwa na polisi kama ushahidi, na Threlkeld alikuwa kituoni akiandika maelezo yake. Ione alipanda jukwaani peke yake, macho yamevimba, hakushika karatasi.

"Leo hakuna filamu," alisema. "Mama yangu, Maudie Harkness, hakuwa mlevi. Hakufia nyumbani. Alifia kazini, akishuka ngazi, na hakujua kwamba anapigwa picha. Shoti hiyo mnaijua nyote. Mmeipigia makofi. Hata mimi niliipigia."

Skrini nyuma yake ilikuwa nyeupe tupu, lakini mle ndani hamkuwa na mtu hata mmoja ambaye hakuwa anaiona ile shoti.