Mguu wa Tatu wa Plagi

Jumapili ile theluji ilikuwa imekatika tangu alfajiri, nami nilifika kwa kaka yangu Delbert saa tano na nusu na chupa zangu za bia, kama kila Jumapili ya mechi. Mpira ulikuwa unaanza saa sita. Shemeji yangu Marlys alikuwa jikoni anakoroga sufuria la maharage ya nyama, nyumba nzima inanukia pilipili. Kuna watu hapa Duluth wanasema eti niliona dalili mapema. Waongo! Nilikuwa na njaa tu.

Nyumba ile waliipata kwa bei ya kutupa, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Mwenyewe wa zamani, mzee Ostby, fundi umeme, alimuua mkewe kwa nyundo kule chumba cha chini, akafia jela. Siku ile ile ya mauaji, damu haijakauka, alikita chuma cha ethi, kile cha kumwaga umeme uliovuja ardhini, kwenye sakafu pale pale mkewe alipoangukia, akaunganisha umeme wa nyumba yote hapo. Polisi walimuuliza sababu. Akasema kuna kitu ndani yake anataka kibaki ardhini. Delbert yeye alikuwa akicheka. "Mzimu gani utaivumilia baridi ya hapa?"

Kaka alikuwa anaangalia mpira kwa kuunganisha kompyuta na TV. Siku hiyo picha ilikuja na michirizi, mistari mipana myeusi inapanda polepole kutoka chini kwenda juu, haikomi. Tukabadilisha waya. Tukazima taa. Michirizi inapanda tu.

"Deli, chomeka vyote soketi moja!" Marlys alipaza sauti kutoka jikoni. "Kompyuta iko ukuta huu, TV ukuta ule, kila kimoja kina njia yake ya ethi. Ndiyo maana vinagombana. Si nilikwambia wiki iliyopita?"

"Nisukume kochi zima na zimebaki dakika nne? Acha ujuaji, mama. Vern, lete plaizi zako."

Nilijua anachotaka. Wengi kwetu hufanya hivyo: plagi ina miguu mitatu, ule wa mviringo ndio wa ethi, ukiuvunja michirizi inaondoka. Ni ujinga na ni hatari, lakini picha inatakata. Juu ya soketi, chini ya rangi mpya, yalionekana maandishi ya penseli: USIUVUNJE WA TATU. Niliyasoma. Halafu nikampa plaizi, Mungu anisamehe.

Mguu wa plagi ya kompyuta ukakatika. Delbert akaichomeka plagi tena.

Picha ikatakata, ila haukuwa mpira. Ilikuwa sebule ile ile tuliyokuwemo. Delbert kapiga magoti. Mimi nimesimama. Marlys yuko mlangoni na mwiko mkononi. Na nyuma yake mzee mwenye shati la kazi, kashika nyundo.

Niligeuka. Nyuma ya Marlys hapakuwa na mtu.

"Ni nani yule?" alinong'ona, macho kwenye TV.

Kwenye picha nyundo ikashuka. Bega la Marlys likavunjika mbele yetu, mfupa ukachomoza kwenye sweta. Alianguka bila hata kupiga kelele.

Delbert alimrukia mkewe akamfunika kwa mwili wake. Pigo la pili likampata yeye, utosini. La tatu. La nne. Damu iliruka hadi kwenye kioo cha TV. Mzee alikuwa anapiga bila haraka, kama yuko kazini. Niling'oa plagi ya kompyuta. Picha haikuzimika. Niling'oa ya TV. Picha ikazidi kutakata.

"Ethi," Marlys aligumia chini ya mumewe. "Vern... ethi."

Bomba la kupashia joto lilikuwa chini ya dirisha, nalo limeunganishwa na kile chuma cha ethi cha chumba cha chini. Waya wa kuunganisha kompyuta na bomba sikuwa nao. Nikashika bomba kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikaukandamiza kwenye kasha la kompyuta.

Kitu kikanipitia. Umeme naujua, haukuwa umeme. Kilikuwa baridi, na kilikuwa na hasira. Mstari mweusi ukapanda kwenye picha ukafuta miguu ya mzee. Mwingine ukafuta kifua. Uso ulibaki mwisho, na ulikuwa unanitazama mimi. Nyundo ikakoma.

Sikuthubutu kuachia. Marlys alijikokota hadi kwenye simu kwa mkono mmoja. Kaka yangu alikata roho hatua mbili kutoka nilipo, ananitazama, na mimi nimeshikilia bomba nalia kama mtoto. Polisi ndio walionibandua, kidole kimoja kimoja. TV ilikuwa giza. Waliitafuta nyundo siku mbili hawakuiona. Walinishuku mimi, na nisingetoka kama Marlys asingeapa kwamba sikumgusa mtu.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kumwona hospitali, saa nne asubuhi. TV ya chumbani kwake ilikuwa na michirizi. Nesi akaniambia imeharibika tangu alipolazwa, na mgonjwa kakataa katakata isitengenezwe. Nikaelewa kwamba michirizi ndiyo kinga yake, nikavuta kiti nikakaa karibu yake.

Michirizi ikaondoka. Picha ikatakata.

Marlys aliikazia macho.

"Vern," alinong'ona. "Iweke chini."

"Niweke nini, shem?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Niliitazama mikono yangu. Ilikuwa mitupu, ila wa kulia ulikuwa mzito. TV sikuitazama. Niliinuka nikatoka mbio, na pale mlangoni nikasikia chuma kimegonga chuma, kando ya mkono wangu.

Sijamwona shemeji yangu tena, wala sitamwona, na ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Nesi alinipigia kesho yake. Alisema michirizi imerudi, na Marlys amelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Halafu akauliza nilikuwa nimebeba nini. Kwenye fremu ya chuma ya mlango, usawa wa mkono wangu, kuna kishimo cha mviringo, na ndani yake zimenata nywele. Ni za kahawia, kama za Delbert.