Asiyerudishwa Njiani

Kosa la Sifaeli lilikuwa kusahau adabu ndogo tu. Wapo wanaosimulia kwamba alipungukiwa imani, wengine eti aliingia kwa mchawi. Uongo mtupu! Kijana alikuwa na imani ya kugawia wengine, na kosa lile lingeweza kuwa langu au lako.

Kanisa lilimtoa kwao Ilula, likamtuma Mbalizi mwaka mzima akahubiri nyumba kwa nyumba. Kazi ile, jamani, ina fedheha. Unapiga hodi, mtu anachungulia dirishani, anaiona Biblia, anajibu, "Wenyewe hawapo!" Kumbe mwenyewe ndiye huyo huyo. Mwingine anafungulia mbwa. Miezi mitatu Sifaeli alizunguka kwenye baridi, midomo imempasuka, na hakupata hata mtu mmoja wa kumsikiliza mpaka mwisho.

Ndipo akagonga nyumba ya bati jekundu, mwisho wa mtaa. Mwanamke wa makamo alifungua kabla hodi ya kwanza haijaisha. Akampa kiti, akasikiliza tangu mwanzo mpaka amina, akalia machozi. Jambo moja tu lilimsumbua Sifaeli: mle ndani mlinuka majivu yaliyomwagiwa maji, na jiko halikuonekana popote. Akalipuuza, maana furaha ilikuwa imemjaa.

Alipoaga, yule mama akavaa kandambili amsindikize. Sasa sikiliza. Kwetu mwenyeji husindikiza, ndiyo, lakini mgeni naye ana zamu yake. Mkifika njia panda unasimama, unasema, "Inatosha, mama, rudi." Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Sifaeli alisahau. Alikuwa anamweleza habari za wokovu, mama anaitikia "ehee, ehee," kandambili zinapiga pa, pa, pa, njia panda ikapita, soko likapita, mpaka mlangoni kwake. Akafungua kufuli, akageuka amuage. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake alipogonga mlango wa kwanza, mwenye nyumba alitoa viti viwili. Wa pili akamimina chai vikombe viwili. Wa tatu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto akatazama nyuma ya bega la Sifaeli, akapiga ukelele, na mama yake akafunga mlango kwa komeo. Chumbani nako harufu ya majivu mabichi ikaanza kukaa, kwanza pembeni mwa kitanda, halafu kwenye shuka, halafu kwenye maji ya kunywa, na kila alipopiga magoti kuomba alisikia kandambili zikivuliwa taratibu nyuma yake na mtu akipiga magoti naye, na akitamka amina ilitamkwa amina nyingine baada yake, karibu kabisa na sikio, kwa pumzi ya baridi iliyomshusha jasho mgongoni. Aliogopa, tena sana.

Akamwendea bibi Atuganile, aliyempangisha chumba hicho uani kwake.

"Bibi, nyumba ya bati jekundu anakaa nani?"

Bibi akaacha kuchambua maharage. "Hakai mtu. Mwaka wa saba huu. Kwani alikusindikiza?"

"Ndiyo."

"Ulimrudisha?"

Sifaeli akatikisa kichwa.

"Ee Yesu wangu." Bibi akatazama mlangoni, akanong'ona. "Ongea polepole. Hilo ni jini, mjukuu wangu, na linashika adabu kutupita sisi. Ukilirudisha njiani, linarudi. Likifika mlangoni kwako, limekuwa la kwako."

"Sasa litaondoka lini?"

"Siku utakapopata mgeni. Litamsindikiza yeye. Naye asipolirudisha kabla ya mlango wake..." Hakumalizia. "Usikaribishe mtu, umenisikia?"

Mgeni pekee ambaye angeweza kuja alikuwa mama yake, Marta, muuza nyanya wa kando ya barabara kule Ilula. Kila Jumapili alipiga simu: lini utakuja, mwanangu? Sifaeli alijibu kazi imeongezeka. Kwenda hakuthubutu, asije akalipeleka jini kwa mama. Na kusema ukweli aliona haya. Mwinjilisti mzima unasumbuliwa na jini! Mama angeuweka wapi uso wake kanisani? Akasema tu, "Usije, mama, nitakuja mwenyewe." Hapo ndipo alipokosea mara ya pili, na hili mimi simsamehe.

Mwezi wa saba alikwenda Mbeya mjini kufunga na kuomba na mchungaji wake siku mbili, na huko hakuisikia ile amina ya pili hata mara moja. Aliporudi jioni bibi Atuganile alikuwa bado msibani Tukuyu, na kufuli la chumba lilikuwa linaning'inia wazi. Akaingia akinusa. Harufu haikuwepo. Sakafu imepigwa deki, shuka zimekunjwa. Akapiga magoti, akaomba, akasema amina, akasikiliza. Kimya. Akalia kwa furaha. "Nimepona! Bwana asifiwe, nimepona!"

Alipoinuka akaona kikapu cha nyanya juu ya meza, zimefutwa vumbi moja moja. Akapiga simu.

"Mama, uko wapi?"

"Kamwene, mwanangu! Jana nilikuja kukushtukiza, nikakukosa. Lakini mwenzio wa kanisani, yule mama mpole, alinipokea, akanipikia, tukalala. Leo asubuhi kanibebea mfuko mpaka stendi, mara naona kapanda na basi. Watu wa huko mna upendo!"

"Sasa hivi mmefika wapi?"

"Nyumbani. Natafuta ufunguo hapa."

"Usifungue! Mwambie inatosha, mama, mwambie arudi! Sasa hivi!"

"Sifaeli!" Sauti ya Marta ilishuka, sauti ya mtu anayeaibishwa mbele ya mgeni. "Mtu katoka Mbalizi mpaka Ilula kwa ajili yangu, leo nimrudishe mlangoni, hata chai hajanywa? Ndivyo nilivyokulea?"

"Mama, nakuomba, kabla hujafungua..."

Ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

"Msamehe mwanangu," Marta alikuwa anamwambia mtu aliye pembeni yake. "Pita ndani, dada, usione haya. Hapa ni kwako."