Mkunga Ametangulia

Shangazi yangu alikuwa mke wa mmisionari, na kazi yao ilikuwa kuzunguka makanisani kuwajulia hali watumishi wenzao. Kiti cha mbele cha gari kilikuwa chake. Hukaa hapo, mkoba mapajani, akimwonyesha mumewe, Mchungaji, mashimo ya barabarani utadhani mwenzake hana macho. Miaka ishirini na sita walikwenda hivyo. Nampenda shangazi yangu, ila hapa sitamfichia.

Mwaka mmoja kabla ya safari ninayoisimulia, walimkuta mkunga wa misheni ya mwisho njiani mwao hoi kwa homa ya mapafu. Alikuwa mtumishi mwenzao. Alishajifunga kilemba chake cheupe, akafunga mfuko wake apelekwe hospitali. Lakini kiti cha nyuma kilikuwa na kinanda, na kwaya ya kanisa jingine ilikuwa ikikisubiri kwa Jumapili.

"Tukishushe kinanda," Mchungaji alisema.

"Mvua hii? Kikilowa kimekwisha," shangazi akamjibu. Kisha akamgeukia mgonjwa. "Hakuna nafasi, mama. Tutarudi kukuchukua kesho."

Walirudi siku ya nne. Mkunga alikuwa amekaa barazani, mfuko mapajani, amekwisha kufa. Mazishini shangazi alisimama akasema marehemu mwenyewe alikataa kuwaacha wagonjwa wake. Watu walilia wakampigia makofi.

Basi safari hii, kanisa la kwanza, mezani walikuta vikombe vitatu.

"Cha nani hicho?" shangazi akauliza.

"Cha mkunga wenu," mwenyeji akajibu. "Alipita jana mchana. Kasema ametangulia, mtamkuta mbele."

Shangazi alicheka, akasema watu wanafananishwa. Chai hakuimaliza.

Kanisa la pili ndilo lililokuwa na kile kinanda. Kilikuwa kimepoteza sauti, kinakoroma tu kama kifua cha mgonjwa, wakakipakia wakipeleke kwa fundi. Chumba chao kilikuwa kimetandikwa, na mto upande wa shangazi ulikuwa umelowa jasho. Asubuhi Mchungaji alifungua mlango wa mbele wa gari, akasubiri kidogo, akaufunga taratibu. Shangazi alikuwa bado amesimama nje.

"Wewe kaa nyuma," akamwambia, bila kumtazama.

Alijibana kando ya kinanda. Njia nzima kilivuta pumzi. Hakuna aliyekigusa.

Walipofika misheni ya mwisho, shangazi naye alikuwa anawaka homa. Kifua kinambana. Mke wa mwinjilisti wa hapo akamlaza, akasema huyu ni wa hospitali, leo hii. Shangazi akafunga mkoba wake. Akajikokota hadi barazani. Mchungaji alishawasha gari.

"Ningoje," akanong'ona.

"Hakuna nafasi, mama," Mchungaji akasema kwa upole. "Tutarudi kukuchukua kesho."

Mama? Hajawahi kumwita hivyo. Akatazama kiti cha mbele. Palikuwa na kilemba cheupe. Hakikugeuka.

Gari likaondoka.

Alikaa barazani. Kesho ikaja. Ikapita. Mke wa mwinjilisti ndiye aliyemwokoa, kwa maji ya moto, kwa dawa za zahanati na kwa kumkatalia kukata tamaa. Siku ya tatu shangazi alimwungamia kila kitu: kinanda, mvua, uongo wa mazishini. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwenye kudaiwa msamaha si mimi," akasema, akaenda kuchemsha maji mengine.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, gari likarudi. Shangazi akainuka akiangua kilio, akamshika mumewe mkono. Mchungaji akauondoa mkono ule kwa adabu, kama mtu anayemwondoa mgeni.

"Pole sana, mama. Wewe ndiye mkunga? Tuliambiwa unaumwa," akasema. "Ungekaa mbele, ila mke wangu yuko pale."

Kiti kilikuwa kitupu.

Mpaka leo wanaishi nyumba moja, na Mchungaji humwita mgeni. Gari waliliuza, kinanda hakijapata fundi. Lakini vitabu vya wageni vya makanisa mawili aliyopitia Mchungaji siku zile nne nimevisoma mwenyewe. Kuna saini yake, na chini yake jina la shangazi yangu, na pembeni, mahali pa kuandikia kazi, pameandikwa kwa mwandiko usio wa shangazi: mkunga.