Nywele za Wilbard Zafika Pabaya

Jumamosi sokoni Geita hakuna mwenye muda wa kumtazama mtu mara mbili, ila Wilbard alitazamwa. Nywele zake zilikuwa zimefika pale pabaya: ndefu mno kuchanwa, fupi mno kusukwa. Kofia ngumu ya kazini ilikuwa imezilaza upande mmoja. Upande wa pili zilisimama wima, zimejaa vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu aliyokuwa akiiendesha. Alisimama mbele ya meza ya vitenge ya Paskalina, dada wa gauni la njano na kucha nyekundu, akaomba kitambaa cha kufunga kichwa.

“Kaka, unafunga kichwa au unafunga mbuzi?”

“Funga wewe, tuone kama atalia.”

Akamfunga. Wakapeana namba, na kufikia masika walikuwa wanaitana “mpenzi” hata wakibishania bei ya nyanya.

Kisha baba yake Paskalina, katekista huko Ushirombo, akataka kumwona kijana huyo. Paskalina alikuwa na ombi moja tu: anyoe.

“Sinyoi, mpenzi. Shuleni walininyoa, jeshini wakaninyoa. Mtu mzima mimi, sijawahi kuona nywele zangu zikifika zinakokwenda.”

“Na baba nimwambie nini?”

“Mwambie ndizo hizi.”

Salome, muuza vitenge wa meza ya jirani, alikuwa na maelezo matamu zaidi.

“Mayo! Huyo ana sharti. Wachimbaji wanaambiwa na mganga wasiguse nywele mpaka dhahabu itoke. Lisemwalo lipo, mwenzangu.”

Paskalina aliogopa kweli. Jioni akapiga simu.

“Wilbard, mganga wako ni nani?”

“Mganga gani?”

“Kama huna, nyoa leo nikuamini.”

“Ukiniamini kwa sababu nimenyoa, bado hujaniamini.”

Paskalina akakata simu. Wiki zikapita bila salamu. Paskalina alilia, akauza vitenge, akalia tena. Mapenzi hayafungi biashara.

Ndipo ikaja habari kwamba baba mkubwa wa Wilbard amefariki Kharumwa. Msiba haususiwi, Paskalina alivaa kitenge cheusi akaenda. Alikuta matanga yanaanuliwa, wanaukoo wamekaa mkekani na wembe unapita kichwa kwa kichwa. Zamu ya Wilbard ilipofika, aliinama bila kuambiwa. Mwenye sharti la mganga asingekaa pale hata kidogo, na Paskalina alilijua hilo. Aliona aibu mpaka akakosa pa kutazama.

Baadaye alimfuata nyuma ya nyumba.

“Pole, mpenzi.”

“Asante kwa kuja.”

“Nilikukosea. Nisamehe.”

“Yameisha.” Alijipapasa kichwa. “Baridi tu.”

“Basi Jumapili twende kwa baba. Ulivyo hivi hatasema kitu.”

“Hapana. Nimenyoa kwa ajili ya marehemu, siwezi kwenda kuposa na upara wa msiba. Ziache ziote. Zikifika pale zilipokutia aibu, ndipo unipeleke. Nataka kukuoa, Paskalina, ila nataka uwe umenichagua hivyo. Kama huwezi, niambie sasa.”

Paskalina alimpenda, ila alimjua pia baba yake. Akahesabu miezi kwa vidole.

“Itakuwa Krismasi,” akasema. “Kanisa zima litakuwepo.”

“Litakuwepo.”

“Baba ataguna.”

“Agune.”

“Basi tutakaa benchi la mbele.”