Kidole cha Sita

Kule kwetu Minnesota, mtu akifa na kuacha piano, ndugu hugombania nyumba na vyombo. Nota zake, zile karatasi za muziki, hazitakiwi na mtu. Hutiwa boksini zikapelekwa kwa mwalimu wa piano. Jirani yetu Kirsten Tveit, aliyefundisha piano, hakuwahi kukataa boksi la nota. Jumamosi hiyo alilikuta barazani, akaliingiza ndani huku kahawa inachemka, wala hakuuliza ni la marehemu gani.

Ndani mlikuwa na kila aina: tungo za kisasa zenye nota zilizosongamana kama siafu, na nyimbo za redio zilizorahisishwa kwa wanaojifunza. Signe, bintiye wa miaka tisa, akachomoa wimbo mmoja mwepesi. Juu ya kila nota mtu alikuwa ameandika kwa penseli namba ya kidole cha kuipiga, kuanzia moja ya kidole gumba hadi tano ya kidole cha mwisho.

"Mama, hizi namba zinanichanganya."

"Namba ni sheria, mwanangu. Kidole kilichoandikwa ndicho kinachopiga. Usiniletee ujuaji hapa."

Basi mtoto akatii. Laiti angekuwa mkaidi!

Wiki ile ile Kirsten alikuwa jikoni akimenya viazi, akasikia nota mbili zikilia kwa mpigo mmoja, zimeachana mno. Mkono wa mtoto haufiki huko. Hata wake yeye haufiki. Akaenda kutazama. Juu ya ile nota ya mbali palikuwa na namba sita.

"Nani kaandika hii?"

"Sijui. Ila nikifika hapo, ananisaidia."

"Nani anakusaidia?"

Signe aliinamia piano. Aliendelea kupiga.

Kirsten akacheka cheko la wasiwasi, akaifuta ile sita kwa raba. Asubuhi aliikuta tena, imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Na ile tano, namba ya kidole cha mwisho, haikuwapo popote. Akageuza kurasa zote. Hakuna. Mezani Signe alishika kijiko vibaya. Vidole vyake vya mwisho, kulia na kushoto, vilikuwa vya baridi na havikunjiki.

Daktari alipiga picha, akapima damu, akasema mtoto ni mzima. Mzima! Kirsten alitamani kumrushia kiti.

Akarudi nyumbani, akalitia boksi zima motoni. Kesho yake vitabu vya wanafunzi wake vilikuwa vimejaa sita na saba. Namba nne imetoweka. Vidole vya pete vya Signe vikafa navyo.

Akaita watu wakaondoa piano. Mchana huohuo, kona ya piano ikiwa tupu, Signe aliketi akagonga ukingo wa meza. Wimbo ule ule. Mezani!

"Acha, mwanangu! Nakuomba!"

"Siyo mimi, Mama."

Vidole vya kati vilikakamaa mbele ya macho ya Kirsten. Vikafuata vya shahada. Kirsten alipiga magoti, akatandaza vidole vyake kumi juu ya meza.

"Chukua vyangu," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemwambia atii. Mwache mtoto."

Akangoja. Hakuna kilichomgusa. Alilia pale mpaka sauti ikamkauka, na vidole vyake vikabaki vizima.

Kisha mambo yakatulia. Theluji ikaanguka, ikayeyuka. Signe alijifunza kufunga zipu ya koti kwa vidole gumba tu, na siku alipofaulu walicheka wote wawili. Kirsten akaanza tena kulala usingizi. Alithubutu hata kumshukuru Mungu.

Jumapili moja kabla ya kwenda kanisani, alimtumbukiza Signe mikono katika beseni la maji ya moto ili amsafishe. Kwenye kucha za vidole gumba aliona mistari ya penseli. Moja. Moja. Akakamata sabuni, akasugua. Akasugua kwa nguvu zake zote, meno ameyauma, hadi namba zikafutika na kucha zikang'aa.

Signe alikuwa anamtazama.

"Niliandika mimi, Mama," alinong'ona. "Penseli nimeibana kwa meno. Ili yule anayenisaidia ajue hivi bado ni vyangu."

Kirsten alivifumbata vidole vile katika viganja vyake, ndani ya maji ya moto. Vilikuwa vinapoa.