Komandoo Nkwabi Hafi

Siku ya gulio, watu walibanana katika duka la fotokopi la Madhuben pale Katoro, na Salvina, binti wa Ushirombo aliyeendesha mashine, hakuwa na muda wa kuchekeana na mtu. Ndipo akaingia kijana mwenye viatu vyeupe na shati la maua, fundi simu wa stendi, akaweka karatasi mezani.

"Nakala hamsini, dada. Hadithi yangu hiyo. Wanaisubiri hadi Geita."

Mashine ikiunguruma, Salvina akasoma. Kufika ukurasa wa tatu alikunja pua kama aliyenusa dagaa walioharibika.

"Huyu Komandoo Nkwabi kafukiwa duarani, ndani ya shimo la dhahabu, siku tisa, futi mia mbili chini. Anapumua nini?"

"Ana pumzi za mizimu ya ukoo wao."

"Na anatoka ananukia marashi."

"Wasomaji wanapenda."

"Wasomaji wako wana homa."

Kijana, jina lake Innocent, akacheka hadi watu wakageuka. Jumamosi iliyofuata alirudi bila karatasi, na chipsi mayai za watu wawili. Haikupita miezi miwili, Salvina akawa kila Jumamosi anavaa gauni lake la kitenge cha bluu, ingawa Komandoo hakumpunguzia dharau.

"Majambazi ishirini, kawapiga wote," alimwambia Innocent simuni. "Walikuwa wamepanga foleni?"

"Laazizi, unanipenda au hunipendi?"

"Wewe nakupenda. Huyo mjinga wako simtaki hata mlangoni."

Kisha ikatoka sehemu ya kumi na mbili. Duara la Mwakitolyo limeporomoka, wachimbaji kumi na mmoja wamekufa, na Nkwabi anakanyaga maiti zao kama ngazi, anatoka na dhahabu mkononi. Salvina akampigia.

"Wale kumi na mmoja wanaitwa nani?"

"Majina ya nini? Wale wa kujazia tu."

"Wa kujazia."

"Salvina, wewe toa nakala. Kutunga niachie mimi."

Salvina akakata simu, na kwa wiki tatu hakupokea tena. Innocent akanuna, akiamini mwanamke anaidharau kazi yake tu, mpaka Madhuben alipompelekea simu yake abadilishe kioo.

"Kaka yake Salvina, Amosi, alifia duarani huko huko Mwakitolyo," mama huyo akamwambia. "Jina lake halikutajwa popote. Walisema wamekufa wanne, basi."

Kesho yake Innocent akapanda gari kwenda Mwakitolyo. Siku ya tatu alisimama mbele ya mashine ya Salvina, viatu vimekuwa rangi ya udongo.

"Nimeshuka futi arobaini. Nikaomba wanivute. Nililia, Salvina, watu wananiona."

Salvina akazima mashine.

"Ungeniambia habari za Amosi," Innocent akasema.

"Ungeniuliza kwa nini nauliza majina."

"Kweli. Nkwabi nimemuua."

"Amekufaje?"

"Amekosa hewa. Saa moja tu."

"Hata hiyo saa umempendelea," Salvina akasema, akijifuta macho kwa kiganja.

"Nataka kumtuma mshenga kwenu Ushirombo."

"Baba atauliza kazi yako."

"Atamwambia mimi mwandishi."

"Amwambie fundi simu," Salvina akasema, akamshika mkono mbele ya foleni nzima. "Nataka huyo mshenga apewe hata kiti."