Sifa Zisizo na Baraka

Attracta alikuwa na unga hadi kwenye viwiko, akikanda mkate wa magadi wa wageni waliopanga vyumba vya juu, simu ilipolia. Mumewe, Fintan, akaipokea sebuleni, akacheka, kisha akaja kusimama mlangoni mwa jikoni.

"Mdogo wako huyo. Dympna. Anatua Ijumaa kutoka Boston, wiki mbili nzima. Anataka kuona kila kitu."

"Kila kitu kipi? Si amezaliwa hapa hapa?"

"Anasema wakati ule hakukiona vizuri."

"Mimi nakiona kila siku. Ningemsimulia kwa simu, asingepoteza nauli." Akaupiga ule unga kofi moja, akausukuma kwenye tanuri.

Mkate ulipoiva na kukatwa, ulikuwa na shimo katikati, kingo zake zimechongekachongeka, kama kuna mtu ameung'ata kutoka ndani. Attracta akautupia kuku, akakanda mwingine. Hakumwambia mtu.

Dympna alikuja na gari la kukodi na viatu vyeupe. Akapewa chumba cha juu kinachotazama bahari, kile ambacho wageni hukigombania. Tangu asubuhi ya pili akawa anatoka na Nuala, binti wa Attracta wa miaka tisa. Walipanda majabali, wakapanda mashua kwenda kuona ndege wa kisiwani, wakala kome waliochemshwa kwa siagi, wakakaa kwenye nyumba ya muziki wa fidla mpaka mtoto akafundishwa hatua za ngoma.

"Twende wote, dada," Dympna alisema kila asubuhi.

"Na vitanda saba vitajitandika?"

Majabali yale yako maili nne kutoka mlangoni pake. Attracta hakuwa ameyapanda kwa miaka kumi na tano.

Jumatano walirudi saa kumi na moja jioni, nyuso nyekundu kwa upepo. Nuala akaanza kucheza palepale jikoni, visigino vinalia kwenye mawe, mikono imenyooka ubavuni kama askari. Dympna akapiga makofi.

"Mtazame! Sijaona mtoto mwenye miguu kama hii, popote pale!"

Halafu kimya.

Katika nchi ile, anayemsifu mtoto humalizia kwa kusema Mungu ambariki. Asiposema, Watu Wema husikia. Majini ya kule huitwa hivyo kwa woga, si kwa mapenzi, na sifa isiyo na baraka kwao ni sawa na mlango uliofunguliwa. Dympna alikuwa amesahau. Boston watu husifu wakaenda zao. Mtu mwingine akiwapo huisema kwa niaba yake, na mambo yakaishia hapo. Attracta alikuwapo, mikono kwenye maji ya vyombo. Maneno yalimfika ulimini. Akamwona Nuala anahema, anacheka, macho yote kwa mama yake mdogo. Attracta akayameza yale maneno.

Nyuma ya ukuta wa meko, mtu akakohoa kidogo, kama mgeni anayetaka kukaribishwa.

Asubuhi Nuala alikula uji wake, akala wa baba yake, akala mayai manne, kisha akashika siagi akaila kwa kijiko.

"Umeshiba?"

"Bado."

Alikula siku ile yote, na ya pili yake, na nguo zikazidi kumpwaya. Hakucheza tena. Alikaa ameelekea kona, na hata alipofunga mdomo kulisikika kutafuna. Harufu ya maziwa yaliyochacha na udongo mbichi ikapanda mpaka vyumba vya wageni. Ijumaa wageni wote wa kulipa wakahama.

Mchana huo Attracta alimwekea sahani. Mtoto akamtazama, kisha akamwuliza Dympna kwa sauti ndogo, "Nani yule?"

"Ni mama yako, mpenzi."

"Hapana. Yule ni wa kuosha vyombo."

Jumamosi saa tisa mchana, jua likiwaka kwenye madirisha yote, Attracta alikuwa anapanda ngazi na mashuka mikononi aliposikia visigino vinacheza katika chumba cha Dympna, vyepesi, vyenye furaha, hatua zilezile za Jumatano, akasema moyoni kumbe mtoto amepona, akasukuma mlango akitabasamu, na chumbani hamkuwa na mtu, ila mbao za sakafu zilikuwa zinagongwa mbele ya miguu yake na vumbi linaruka kila kisigino kinaposhuka, na kupitia dirishani akamwona Nuala chini uani, amekaa chini ya ukuta, anachimba udongo kwa vidole na kuutia mdomoni polepole bila kuinua kichwa. Na sauti ya adabu sana, karibu na sikio lake, ikasema, "Ulinyamaza, mama. Tukajua umetupatia mtoto."

Alishuka ngazi bila kuzigusa vizuri.

Condy Gildea alikuwa mtoto wa kiume wa saba wa mtoto wa kiume wa saba, na wa namna hiyo, kwa imani ya kule, huzaliwa na dawa. Fintan alimkuta anakamua ng'ombe, akamleta na matope yake kwenye buti. Mzee akamnusa Nuala kichwani, akavuta kiti.

"Nani alimsifu?" akanong'ona.

"Mimi," Dympna alisema, machozi yanamdondoka. "Nilisahau, mzee. Haki ya Mungu nilisahau."

"Mtemee mate kidogo, umbariki."

Dympna akatema, akabariki. Nuala akacheka kicheko cha mtu mzima aliyechoka, akaendelea kutafuna kitu kisichokuwepo.

"Mate ya nani yanakosekana hapa?" Condy akauliza. Hakumtazama mtu. Kwa hiyo Attracta akajua anamwuliza yeye.

"Nilisikia," akasema taratibu. "Nilinyamaza makusudi."

Fintan akageuka. "Attracta, unasema nini?"

"Alikuwa anamtazama yeye. Mimi nafua, napika, natandika, na anamtazama yeye."

"Basi anza na mdogo wako," Condy alisema. "Kilichouacha mlango wazi si sifa zake. Ni kijicho chako kwa huyu."

Attracta akamsogelea Dympna, akamtemea kwenye paji la uso. "Mungu akubariki."

"Hiyo ni ya kumfukuzia mbwa," mzee akasema. "Rudia."

Akarudia. Kutafuna kukaongezeka, sasa kukitoka ndani ya ukuta pia, kama mkubwa na mdogo wanaokula pamoja. Akamshika mdogo wake mabega. Mabega yalikuwa membamba kuliko alivyodhani.

"Mungu akubariki, Dympna. Akubarikie gari lako na viatu vyako vyeupe na majabali uliyoyapanda. Akubarikie kupendwa na mwanangu." Akaugeukia ukuta wa meko. "Na nyinyi wa ukutani, sikuwapa kitu. Nilikosa. Mtoto ni wangu."

Kisha akamtemea Nuala, akambariki.

Kutafuna kukakoma. Huko juu visigino vikaanza, vikatoka chumbani, vikashuka ngazi moja moja, vikavuka mawe ya jikoni katikati yao, vikafika miguuni mwa Nuala, vikanyamaza. Mtoto akatapika udongo mweusi kwenye aproni ya mama yake. Akapiga chafya.

"Mama, nina njaa."

"Njaa ya kiasi gani?" Attracta akauliza.

"Ya kawaida. Mbona mnanikodolea macho?"

Condy akaondoka bila kuambiwa asante, maana mwenye dawa haambiwi.

Attracta akaosha mikono, akakaanga samaki, akaponda viazi na kabichi, akafungua madirisha. Walipoketi, Nuala akaburuza kiti chake mpaka kikagusana na cha mama yake mdogo, akamwegemea begani.

Attracta akasimama na mwiko juu ya kikaango. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kipande kilichoungua. Akauzuia. Akachota kipande kinono kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya Dympna, akakimwagia siagi.

Halafu akahesabu vichwa, kwa kidole, kwa sauti, hakujali nani anamcheka. Fintan, Nuala, Dympna, na yeye mwenyewe. Wanne, hakuna wa tano. Akaketi, akala.